Karatasi ya Wanawake Mia na Arobaini na Watatu

Madurai, 17 Januari 2021

Shangazi Pechiammal,

Shikamoo. Sisi wazima, tunashukuru. Pongal, sikukuu ya mavuno, tuliisherehekea hivyo hivyo. Wali ulifurika chunguni upande wa mashariki, na mama mkwe akasema ni dalili njema. Mume wangu Sudalai bado yuko kwenye karakana ya pampu za maji. Paa lilivuja mwezi wa Desemba, tumeliziba. Masikio yako yanaendeleaje? Wenzangu hunicheka kwamba bado naandika barua. Nawaambia shangazi yangu ukimpigia simu anajibu swali la juzi.

Sasa nisikilize, maana hili si jambo la kucheka.

Unajua kazi ya duka la sari. Naingia saa tatu asubuhi, natoka saa tatu usiku, na muda wote huo nimesimama. Viti vipo, lakini ni vya wateja. Asipokuwepo mteja ndiyo unasimama wima zaidi, kwa sababu kamera inakuangalia. Ukiegemea rafu, meneja Gnanaraj anapanda kutoka chini: “Kayalvizhi, ukuta utaanguka usipoushikilia?” Hatunywi maji mchana, kwa sababu choo kiko ghorofa ya tano na ruhusa ni mara mbili tu. Miguu ya Dada Rasathi, ambaye ana miaka ishirini na miwili pale, imevimba mishipa kama mizizi ya mti.

Kuna mama mmoja wa chama cha wafanyakazi wanawake, anaitwa Arokiam. Anasema jimbo jirani limeshatunga sheria: kila duka liweke viti, na mfanyakazi akae anapokuwa hana mteja. Hapa kwetu hakuna. Amezunguka miji mingi kukusanya majina. Sisi tumeandika karatasi yetu, wanawake mia na arobaini na watatu wa maduka manne. Waliojua kuandika wametia saini, wasiojua wametia dole gumba.

Bibi unayempikia, Mama Vadivambal, anakaa kwenye Bunge la Jimbo. Karatasi naiambatisha hapa. Mpe mkononi mwake, Shangazi, si kwa karani wake. Wenzangu wote wanajua ni wewe utakayeipeleka.

Mwanao,
Kayalvizhi


Chennai, 9 Februari 2021

Kayal,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo yanagoma. Mwambie mama mkwe wako wali ulifurika kwa sababu maji yalikuwa mengi, si dalili ya kitu.

Nyumba hii imegeuka stesheni. Uchaguzi unakuja, watu wanaingia na kutoka tangu alfajiri, na kila mmoja anataka kahawa. Jana nimekaanga bajia za vadai mia mbili. Mama Vadivambal mwenyewe hali, anakunywa maziwa ya mtindi amesimama huku anaongea na simu mbili.

Karatasi imefika. Nimeiweka mahali salama.

Kwanza nikuulize: jina lako limeandikwa la ngapi? Nimeona ni la kwanza kabisa juu. Huko hakukuwa na mwenye kichwa kigumu kukuzidi? Anayetangulia ndiye anayekanyaga mwiba. Sudalai anajua?

Na mara ya mwisho nilikuuliza jambo, hukunijibu. Nimekutumia ufuta na sukari ya mtende. Ule kila asubuhi. Usimpe mtu.

Shangazi yako


Madurai, 2 Machi 2021

Shangazi,

Shikamoo. Ufuta umefika, nakula. Mama mkwe anaumwa meno. Sudalai anakusalimu.

“Mahali salama” maana yake nini? Umempa au hujampa?

Nauliza hivi kwa sababu mambo yameharibika. Gnanaraj amejua. Sijui nani amemwambia. Anatuita mmoja mmoja kwenye chumba cha hesabu na swali lake ni moja tu: “Nani alianza?” Wasichana wawili wa kaunta ya sari za pamba walikataa kujibu. Wamesimamishwa kazi, mmoja wao ana watoto watatu na mume hana kazi. Mimi sijaitwa bado. Juzi nilisikia viatu vyake ngazini, nikaangusha sari ya hariri ya arusi mbele ya mama wa bi arusi.

Dada Rasathi hakutia dole gumba. Ananiambia mbele ya watu, “Mimi nimesimama miaka ishirini na miwili, nyie wa juzi mnataka kukalia nini? Si mkakae kwa waume zenu!” Wengine walicheka. Sijui kama ni yeye aliyesema kwa meneja. Naona haya kumshuku, lakini namshuku.

Sudalai hajui. Ulichoniuliza, hakuna habari.

Shangazi, tujibu. Wenzangu wananiuliza kila siku.

Kayal


Chennai, 20 Machi 2021

Kayal,

Marahaba. Nimempa. Amesoma, amesema ataangalia. Sasa ni wakati wa kampeni, usiniandikie tena habari hiyo. Karani hufungua barua za nyumba nzima.

Akikuita huyo Gnanaraj, sema uliandika jina la kwanza kwa sababu kalamu ilianzia kwako.

Pole kwa hao wasichana wawili. Mama mkwe atafune karafuu.

Shangazi yako


Madurai, 6 Mei 2021

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera! Tumesikia Mama Vadivambal ameshinda tena. Siku ya matokeo tulikuwa tunakunja sari, mlinzi akaja kutunong'oneza, tukashikana mikono chini ya kaunta. Nimewaambia wote: karatasi yetu iko kwa mtu aliyeshinda, ameisoma kwa macho yake. Hata wale wasichana wawili niliwafuata nyumbani kuwaambia. Mmoja alilia. Akasema, “Basi kazi yangu haikupotea bure.”

Nilipoitwa, nilisema ulivyonifundisha kuhusu kalamu. Gnanaraj akaniambia nihamie ghorofa ya nne, kwenye shela za arusi. Hakuna lifti ya wafanyakazi. Si kitu.

Wanasema maduka yatafungwa tena wiki ijayo kwa sababu ya ugonjwa. Wengine wanalia kwa ajili ya mshahara. Mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi. Nitalala.

Kuna jingine la kukuambia, ila si sasa. Usiniulize.

Wako,
Kayal


Madurai, 14 Julai 2021

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama uliandika wakati maduka yamefungwa. Hakuna kilichofika, na posta wanasema magunia yalikaa njiani wiki nyingi. Naomba uwe mzima. Kila nikisikia idadi ya wafu wa Chennai kwenye redio, nakuhesabu wewe.

Nina mimba ya miezi sita na nusu.

Nilikuficha kwa sababu nilikuwa naogopa kulitaja jambo likasikia jina lake likaondoka. Mwaka wa 2016, ile homa niliyokuandikia msimu wa sikukuu ya taa, Deepavali, haikuwa homa. Ilianza kwenye kaunta, nimefungua sari thelathini kwa mteja mmoja, damu ikashuka. Niliomba ruhusa ya choo, nikaambiwa nimeshaimaliza. Na mwaka wa 2018 tena. Hiyo ya pili hata Sudalai simwambii mambo yote.

Duka limefunguliwa. Daktari wa hospitali ya serikali ameandika kwenye kadi: akae, asipande ngazi. Nikampelekea Gnanaraj. Akaisoma kadi mbele na nyuma, akanirudishia. “Kiti ni cha mteja, Kayalvizhi. Ukitaka kukaa, nyumbani kwako hakuna kiti?” Nikasema nahitaji kazi. Karakana imepunguza watu, Sudalai anafanya siku tatu kwa wiki. Akasema, “Basi simama.”

Kwa hiyo nasimama. Shela nazipanga kwa mkono mmoja, kwa wa pili nalishikilia tumbo kana kwamba litaanguka.

Mama Arokiam anasema Bunge litakaa mwezi ujao, na barua za miji mingine zimeshapelekwa kwa waziri wa kazi. Muulize Mama Vadivambal ya kwetu imefika wapi. Neno moja tu litanitosha.

Kayal


Chennai, 22 Julai 2021

Kayal, mwanangu,

Keti kwanza, popote pale, ndipo usome.

Sikumpa.

Ile karatasi ilikuwa kwenye mkebe wa dengu, chini kabisa, tangu Februari hadi juzi. Nilikuandikia kwamba nimempa, nikalamba bahasha, nikaenda kukuna nazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nikueleze, si kwa kujitetea. Siku mbili baada ya karatasi yako kufika, walikuja wafanyabiashara wa nguo kula chakula cha mchana. Mimi nawapakulia sambar, mchuzi wa dengu. Mmoja akasema kuna wanawake wanazunguka na makaratasi ya viti. “Wakikaa, mama, nani atauza? Wataanza kutaka na mito!” Wakacheka meza nzima. Mama Vadivambal naye akacheka. Masikio yangu mabovu, Kayal, lakini kicheko hicho nilikisikia vizuri. Nikauacha upawa ndani ya sufuria, nikarudi jikoni.

Nikawaza, miaka kumi na tisa nalala chini ya paa la mwanamke huyu. Mume wangu, mjomba wako, alipofariki, ndugu zake walinitolea masanduku nje, na ni huyu aliyenipokea. Madaftari yako ya shule yalitoka kwenye mshahara huu. Nikimkasirisha naenda wapi na magoti haya? Kwenye chumba chako kimoja na mama mkwe mwenye meno? Nikasema nitampa kesho. Kesho ikawa uchaguzi, uchaguzi ukawa ugonjwa. Na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo, maana ningetakiwa kueleza na ya jana.

Barua yako ya juzi nimeisoma mara nne. Ulisimama na mimba ngapi, nami nimelikalia neno lako?

Juzi asubuhi nilimpelekea idli, vile vikate vya mvuke, mezani. Nikaweka na karatasi kando ya sahani. Imelowa mafuta pembeni na inanuka dengu. Akaisoma. Akaangalia tarehe.

“Pechi, hii ni ya Januari.”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa ni Julai.”

“Niliogopa.”

“Unaniogopa mimi?”

“Nakuogopa wewe, naogopa na njaa. Siku ile ulicheka nao.”

Akaacha kula. Nilidhani atanirushia sahani, sijawahi kumwambia maneno kama hayo. Akaniuliza, “Hili jina la kwanza ni nani?”

“Mtoto wa kaka yangu. Ana mimba ya miezi sita, na wamemkatalia kiti.”

Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Idli mbili zilibaki. Leo ni siku ya pili hajanisemesha, chakula anaagiza kwa kupitia dereva. Nguo zangu nimeshazifunga kwenye shuka, tayari.

Hutanisamehe upesi. Ningekuwa wewe, nisingesamehe.

Shangazi yako


Madurai, 11 Agosti 2021

Wanawake mia na arobaini na watatu. Niliwaambia umempa. Nilienda mpaka nyumba ya yule mwenye watoto watatu, nikanywa chai yake, nikamwambia amempa, ameisoma. Yeye anauza maua barabarani sasa.

Niko hospitali ya serikali, wodi ya wazazi, siku ya sita. Nilianguka kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mtoto bado anacheza. Daktari anasema nisiinuke kitandani, na kwamba wiki hizi hakuna anayeweza kuniahidi chochote. Gnanaraj ametuma mtu kuchukua sare.

Nikilala nasikiliza kama anacheza. Akinyamaza nahesabu mpaka mia. Jana nilifika themanini na nne.

Usiniandikie.


Chennai, 16 Septemba 2021

Kayal,

Umenikataza, naandika. Kama hutaki kusoma, mpe Sudalai akusomee mstari wa pili tu.

Muswada wa viti umepita kwenye Bunge wiki hii.

Mama Vadivambal alirudi jioni, akaja mwenyewe jikoni, jambo asilolifanya. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Akaniambia kwa sauti kubwa, kwa ajili ya masikio yangu, “Umepita, Pechi. Kila duka lazima liweke viti. Hakuna aliyepinga.”

Nikamuuliza, “Ni kwa karatasi yetu?”

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakuandikia alivyosema. “Hapana. Wanawake wa miji mingi wamepiga kelele miaka mingi, na waziri alikuwa ameshauandaa. Ya kwenu niliiweka pamoja na nyingine, nikasimama nikaunga mkono. Lakini ingenifikia Februari, Februari ningekuwa nimeshauliza.”

Nikasema, “Februari ulikuwa unacheka.”

Akajibu, “Nilicheka. Ulikuwa wakati wa kutafuta kura.” Akachukua kiganja cha mchele wangu, akachagua jiwe moja, akaliweka pembeni. “Mpwa wako amejifungua?”

Nikasema haniandikii. Hapo nililia, Kayal, mbele yake, na machozi yangu hayana adabu.

Kwa hiyo sheria ipo, na sijui wewe na mtoto mko wapi. Sudalai aliandika kadi mwezi jana: “Yuko kitandani, bado.” Tangu hapo kimya. Kila mtu wa posta akipita, natoka mlangoni kumuuliza.

Nimeomba ruhusa. Napanda treni Alhamisi usiku, nafika kwenu tarehe 24 asubuhi. Ukinifungia mlango nitakaa kizingitini. Jirani wakiuliza, nitawaambia mimi ni mchuuzi wa ufuta.

Shangazi yako


Madurai, 21 Novemba 2021

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai treni ya kurudi haikukuchosha na magoti yamekubali kazi. Nyumba imepwaya tangu uondoke. Mama mkwe anasema anafurahi amerudishiwa mkeka wake uliokuwa ukiulalia, lakini jana nimemsikia akimsimulia jirani jinsi ulivyomkanda miguu mtoto, anakuigiza mpaka sauti.

Mtoto amefika kilo tatu na robo. Daktari amempima, akasema “mzuri,” neno hilo tu, nami nimerudi nalo nyumbani kama zawadi. Bado naamka usiku kusikiliza pumzi zake. Sudalai ananiambia, “Muache alale, mwanamke.” Kisha naye anainama kusikiliza.

Sasa habari za duka. Nilienda Jumatatu na mtoto begani kuuliza nafasi yangu. Gnanaraj alinipokea kwa adabu mpya. Akasema nafasi imejazwa, nije baada ya Pongal, “tutaona.” Mama Arokiam ameandika malalamiko yangu na ya wale wasichana wawili. Sijui yatafika wapi. Silali vizuri nikiwaza Januari. Hilo nakuambia ili usije ukadhani kila kitu kimekaa sawa.

Lakini stuli zimekuja. Za plastiki, kijani, kumi na mbili kwa wanawake sitini. Wananiambia ziliwekwa siku kumi kabla ya Deepavali, na hakuna aliyethubutu. Gnanaraj alikuwa anapita ghorofa kwa ghorofa, simu mkononi, anapiga picha. Hakusema msikae. Alikuwa anapiga picha tu. Siku nne stuli zimekaa pale na wanawake wamesimama kando yake, kama watu wanaolinda maiti.

Siku ya tano, mchana, duka limejaa, Dada Rasathi akavuta stuli kwa mguu wake, akakaa. Mteja alikuwa mbele yake na sari mbili wazi. Akamwambia, “Haya mama, ya zambarau au ya kijani? Mimi niko hapa, siendi popote.” Gnanaraj akaja mbio na simu. Rasathi akajifunika ushungi wa sari vizuri, akamwambia, “Piga upande huu, meneja, huu ndio uso wangu mzuri.” Mteja akacheka. Akanunua zote mbili. Mpaka jioni stuli zote kumi na mbili zilikuwa na watu.

Jumatatu hiyo nilimkuta Rasathi kwenye kaunta yake. Nikamuomba radhi kwamba nilimshuku. Akasema, “Nilijua unanishuku. Na mimi nilikuwa nakuombea ufukuzwe, ili nisione haya kwa kukataa kutia dole langu.” Mtoto alikuwa anamvuta bangili.

Nikaona sina haki ya kunyamaza zaidi yake. Nikawaambia wote waliokuwepo, pamoja na yule mwenye watoto watatu, ambaye alikuja na kikapu chake cha maua: karatasi yetu ilikaa kwenye mkebe wa dengu miezi mitano na zaidi, kwa sababu shangazi yangu aliogopa, na mimi nilikuwa nawaambia imefika.

Yule wa maua aliinuka akaondoka bila kuniangalia. Nimemfuata mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya pili alinipokea, lakini hajanipa chai. Nitarudi tena.

Rasathi alikuwa anahesabu kwa vidole. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema, “Miezi mitano? Mimi nimeogopa miaka ishirini na miwili. Mwambie huyo shangazi yako ana mbio sana.”

Mtoto ameamka, naacha hapa. Andika upesi.

Mwanao,
Kayalvizhi